Kusafisha msimbo wa draiva ya sauti bila kuiharibu sauti yenyewe

Kadi ndogo ya sauti ya USB, ile yenye matundu mawili ya milimita 3.5 inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu kuanzia Kampala hadi Arua, huishia kwenye studio ndogo za redio, kwenye meza ya mitambo kanisani au msikitini, na kwa vijana wanaorekodi nyumbani. Kwenye kompyuta ya Linux inaendeshwa na draiva moja, snd-usb-audio, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote katika folda ya sound/usb ndani ya chanzo cha keneli (kiini cha Linux). Umeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, na zipo sehemu zinazohitaji kufagiliwa. Anayeijua C vizuri anaweza kusaidia.

Sharti la kazi hii ni kwamba msimbo usomeke vizuri zaidi na sauti ibaki ileile. Nusu ya kwanza huonekana kwa macho. Nusu ya pili haionekani mpaka upime, na vipimo vya kwanza huchukuliwa kabla hujagusa mstari hata mmoja.

Vifaa

Tafuta kompyuta ya mkononi yenye betri inayokaa, kadi mbili za USB zenye chipu tofauti, kebo fupi yenye jeki ya 3.5 pande zote mbili, hedifoni, na kompyuta ya pili iliyounganishwa kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta moja kutoka nyingine kupitia mtandao). Hiyo ya pili si anasa: keneli ikianguka, skrini hugandia hapohapo, na maneno ya mwisho yaliyowahi kufika utayasoma kwenye ile nyingine tu. Simu yenye programu ya SSH pia inatosha.

Endesha lsusb kabla ya kuamini kwamba kadi zako ni mbili kweli. Namba 0d8c mwanzoni ni ya kampuni ya C-Media, ambayo chipu zake zimejaa kwenye kadi za bei nafuu. Kadi moja nyeusi na nyingine nyeupe zikitoa namba zilezile kabla na baada ya nukta mbili, basi umenunua kitu kimoja chenye maganda mawili.

Betri ina kazi yake. Umeme wetu ni volti 240 kwa hezi 50, kwa hiyo mvumo wa hezi 50 au 100 kwenye rekodi karibu kila mara unatoka kwenye chaja, jenereta au inveta ya sola, wala hautoki kwenye msimbo. Chomoa chaja wakati wote wa kupima. Mvumo ukikoma, usiutafute tena ndani ya C.

Historia nzima ya keneli ni gigabaiti kadhaa. Ukipakua kwa `git clone --depth 1` utaokoa data nyingi, lakini git blame haitakuonyesha nani aliandika mstari na kwa sababu gani, na katika usafi sababu hiyo unaihitaji sana. Kama mwenzako ana nakala kamili, mwombe flashi. Git clone hufanya kazi kutoka kwenye folda ya flashi kama inavyofanya kutoka kwenye mtandao.

Chukua vipimo kabla ya kugusa

Tengeneza toni ya hezi 1000 ya dakika kumi, uicheze huku ukipima muda:

```
sox -n -r 44100 -b 16 -c 2 toni.wav synth 600 sine 1000 vol 0.5
time aplay -D hw:1,0 toni.wav
```

Faili hilo ni takriban megabaiti 106. Namba 1 ni ya kadi. Itazame ya kwako kwa `cat /proc/asound/cards`. Tumia hw, usitumie default wala plughw. Default kwa kawaida hupitia PipeWire, seva ya sauti ya kompyuta nyingi za Linux, nayo hubadilisha kasi ya sampuli kimyakimya, hujaza mapengo, na kukuficha kasoro uliyokuja kuitafuta.

Toni ikiwa inalia, fungua teminali ya pili:

```
cat /proc/asound/card1/stream0 > kabla_stream.txt
cat /proc/asound/card1/pcm0p/sub0/hw_params > kabla_hw.txt
amixer -c 1 contents > kabla_miksa.txt
```

Kisha unganisha tundu la hedifoni na la maikrofoni kwa ile kebo, urekodi sekunde 20 toni ikiwa bado inalia:

```
arecord -D hw:1,0 -f S16_LE -r 44100 -c 1 -d 20 kabla.wav
sox kabla.wav -n stat
```

Ukijibiwa "Channels count non available", kadi yako haikubali chaneli moja. Weka -c 2. Kiingilio cha maikrofoni hukuza sauti sana, kwa hiyo shusha sauti ya kutoka kwa alsamixer mpaka Maximum amplitude ikae karibu na 0.5. Ikigusa 1.0 wimbi limekatwa kichwa na kipimo hakifai. Andika RMS (kipimo cha nguvu ya wimbi), Rough frequency na mahali ulipoacha vitufe vya alsamixer. Baada ya usafi utavirudisha palepale.

Kufagia

Anza na kikaguzi cha keneli chenyewe:

```
scripts/checkpatch.pl --strict -f sound/usb/endpoint.c
make W=1 C=2 M=sound/usb modules
```

C=2 inahitaji programu ya sparse, kikaguzi kingine cha msimbo wa C, iwe imesakinishwa. Matokeo ya checkpatch ni ushauri. Tangu mwaka 2020 halilalamikii mstari mpaka upite herufi 100, kwa hiyo mistari ya herufi 85 inayosomeka vizuri iache ilivyo. Kuvunja mstari mzuri vipande viwili ili kuridhisha kikaguzi ni kuchafua.

Gawanya kazi kwa aina, na kila aina iwe kiraka (patch) chake: nafasi na mipangilio peke yake, majina peke yake, msimbo mfu peke yake, njia za makosa peke yake. Kiraka cha nafasi kina uthibitisho wake: `git diff -w` isitoe kitu, isipokuwa mahali ulipovunja au kuunganisha mistari. Zaidi ya hapo, kompaili kabla na baada, toa maagizo ya mashine ya faili zote mbili za .o kwa objdump -d, na uzilinganishe kwa diff. Zikitofautiana kwa namba tu, huenda ni namba ya mstari wa chanzo iliyohifadhiwa ndani yake. Agizo likiwa limebadilika, basi hukugusa nafasi tu, rudi utazame.

Kwenye msimbo mfu watu hujikata vidole. Funksheni isiyoitwa popote kwa jina inaweza kuwa imewekwa ndani ya muundo kama snd_pcm_ops, na keneli huiita kupitia kielekezi. Nyingine huitwa tu CONFIG_PM (usimamizi wa umeme) ikiwa imewashwa. Tumia git grep kwenye sound/ yote, si kwenye faili moja, na ukompaili mara mbili, CONFIG_PM ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa.

Usifute kamwe kisubirishi usichojua asili yake. Ndani ya sound/usb kuna vifaa vinavyosubirishwa milisekunde 20 kila vinapopewa agizo. Msomaji mpya huona uzembe, lakini chipu ile bila subira hiyo hujibu ovyo au hunyamaza. Tumia `git log -L` kwenye mstari husika: karibu kila subira ina kifaa chake kilichotajwa kwenye maelezo ya kiraka.

Kuwa mwangalifu pia na funksheni ya trigger ya PCM, ile inayoanzisha na kusimamisha sauti. Kwa kawaida huitwa mahali pasiporuhusiwa kulala: hapana mutex_lock, hapana msleep, hapana kmalloc yenye GFP_KERNEL. Anayebadilisha spinlock kuwa mutex "kwa usafi" atapata draiva inayofanya kazi mezani kwake na kuganda kwenye kompyuta ya mwingine. Jenga keneli ya majaribio yenye CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, CONFIG_PROVE_LOCKING na CONFIG_KASAN, yaani vikaguzi vya kulala pasiporuhusiwa, vya kufuli na vya matumizi mabaya ya kumbukumbu. Itakuwa nzito, lakini itapiga kelele kabla ya mtumiaji.

Njia za makosa zinahitaji muda wako kuliko nafasi na majina yote. Sura inayotakiwa ni hii, kuachilia kwa mpangilio wa kinyume na kuchukua:

```
	a = kzalloc(sizeof(*a), GFP_KERNEL);
	if (!a)
		return -ENOMEM;
	err = andaa_urb(a);
	if (err < 0)
		goto achilia_a;
	err = sajili_pcm(a);
	if (err < 0)
		goto achilia_urb;
	return 0;

achilia_urb:
	toa_urb(a);
achilia_a:
	kfree(a);
	return err;
```

Njia hizi hazipitiwi kadi ikiwa nzima, kwa hiyo zilazimishe. Badilisha kwa muda mwito wa sajili_pcm(a) uwe `err = -EIO`, pakia moduli, chomeka kadi, na usome dmesg (jumbe za keneli). KASAN ikinyamaza na moduli ikatoka kwa rmmod bila kukwama, rudisha mstari ulivyokuwa na uende kwenye lebo inayofuata.

Kishawishi kingine ni kubadilisha kzalloc kuwa devm_kzalloc ili mistari ya kuachilia ipungue. Kwa kadi ya USB ni mtego. Kumbukumbu ya devm huachiliwa kadi inapochomolewa, lakini programu inayocheza bado imefungua /dev/snd na bado inaigusa kumbukumbu hiyo.

Mstari mmoja unaoonekana mchafu

Katika endpoint.c kuna hesabu hii:

```
	return ((rate << 13) + 62) / 125;
```

Inageuza kasi ya sampuli kuwa idadi ya sampuli kwa kila milisekunde, ikiwa na biti 16 za sehemu ya desimali. USB ya kasi ya kawaida hutuma pakiti moja kila milisekunde, na kwa kasi ya 44100 kila pakiti ingepaswa kubeba sampuli 44.1. Sampuli haigawanyiki, kwa hiyo draiva hutuma pakiti tisa za sampuli 44 na moja ya 45, na kwenye keneli za kabla ya mwaka 2020 ile sehemu ya desimali ndiyo iliyokumbuka zamu ya 45 imefika lini; keneli za sasa, kwa kadi zisizorudisha taarifa ya kasi, hukumbuka kwa baki ya mgawanyo. 62 ni nusu ya 125; ipo ili kukadiria kwa namba iliyo karibu.

Sasa fikiria, kwenye keneli hizo za zamani, mtu anaandika `(rate / 125) << 13` kwa kuwa inasomeka vizuri. 44100 ÷ 125 ni 352.8, C hukata desimali, inabaki 352, na matokeo ni sampuli 44 kamili kwa kila milisekunde. Kila sekunde hupungukiwa sampuli 100. Kadi inayofuata kasi ya kompyuta itashusha toni ya sauti chini kidogo sana, kiasi ambacho sikio halishiki. Kadi nyingine itakosa data na kutoa mikwaruzo ya hapa na pale. Lakini 48000 ÷ 125 ni 384 bila baki, kwa hiyo anayepima kwa 48000 peke yake hataona kitu kabisa.

Vipimo vyako vya mwanzo vitamfichua. stream0 nzima huonyesha `Momentary freq = 44100 Hz (0x2c.199a)`, iliyoharibiwa huonyesha 44000 Hz na 0x2c.0000. Na ile toni ya sekunde 600 itachukua sekunde 601.4. Fuwele za kawaida haziwezi kukosea sekunde nzima kwa dakika kumi, kwa hiyo usimlaumu muuza kadi. Kadi yenye njia ya kurudisha taarifa ya kasi kwa kompyuta hujirekebisha yenyewe na kuficha kosa hili, na hiyo ndiyo sababu ya kununua mbili.

Kupakia moduli yako, si ya zamani

```
systemctl --user stop pipewire.socket pipewire-pulse.socket pipewire wireplumber
sudo rmmod snd_usb_audio snd_usbmidi_lib
sudo insmod sound/usb/snd-usbmidi-lib.ko
sudo insmod sound/usb/snd-usb-audio.ko
```

Ukiambiwa moduli inatumika, `sudo fuser -v /dev/snd/*` itakutajia anayeishikilia. "Unknown symbol" maana yake kuna moduli nyingine inayotegemewa haijapakiwa. Dmesg hutaja jina lililokosekana. "Key was rejected by service" ni Secure Boot inayokataa moduli isiyotiwa saini: izime kwenye BIOS ya kompyuta ya majaribio, au tia saini.

Kosa linalopoteza saa nyingi zaidi ni kupima moduli ya zamani ukidhani ni mpya. Linganisha `modinfo -F srcversion sound/usb/snd-usb-audio.ko` na `cat /sys/module/snd_usb_audio/srcversion`. Kama keneli yako haikujengwa na srcversion, weka pr_info ya muda ndani ya probe (funksheni inayoitwa kadi ikitambuliwa) na uitafute kwenye dmesg.

Kupima kwa mkono

Acha `dmesg -w` ikiendelea kwenye kompyuta ya pili tangu mwanzo hadi mwisho. Kwanza rudia vipimo vyote vya mwanzo na ulinganishe mafaili kwa diff. Miksa isibadilike hata mstari mmoja, isipokuwa kama ulikusudia. Jina la kitufe likibadilika, mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa na watumiaji hupotea.

Kisha `speaker-test -D hw:1,0 -c 2 -t wav -l 3` ukiwa na hedifoni masikioni. Sauti ikisema "Front Left" na ukaisikia kulia, chaneli zimegeuzwa, au hedifoni umezivaa kinyume, hakikisha kwanza.

Pima kila kasi inayotajwa kwenye stream0, si moja. Jaribu kila muundo pia, S16_LE na S24_3LE kama upo. Baada ya hapo bana bafa:

```
aplay -D hw:1,0 --period-size=128 --buffer-size=384 toni.wav
```

Fremu 384 kwa kasi ya 44100 ni milisekunde 8.7 tu. Ukiona `underrun!!!` (bafa imeishiwa data) mara mojamoja wakati kompyuta inakompaili kitu kingine, huo ni uzito wa mzigo. Linganisha idadi yake na ya draiva ya zamani kwa bafa ileile na mzigo uleule. Ikizidi, umeongeza ucheleweshaji mahali fulani, mara nyingi ujumbe wa dev_err uliouacha ndani ya funksheni inayoitwa kila pakiti.

Simamisha na uendeleze kwa `aplay -i` na kitufe cha nafasi, haraka haraka, mara ishirini. Cheza na rekodi kwa wakati mmoja. Ilaze kompyuta kwa `sudo rtcwake -m mem -s 20` sauti ikiwa inalia. aplay ikiamka na kusema "Failed. Restarting stream." na sauti ikarudi, hiyo peke yake si kasoro.

Mwisho ni kuchomoa, na hapa usione huruma. Chomoa kadi ikiwa imetulia, ikiwa inacheza, ikiwa inarekodi, na alsamixer ikiwa wazi. Mara kumi kila hali, nyingine ukichomeka tena kabla ya sekunde kupita. aplay inapaswa kutoka ikilalamika "No such device". Ikibaki hai na ps ikaonyesha herufi D, kuna mahali inasubiri kitu ambacho hakitakuja. Tazama pia namba ya kadi: ukichomeka tena na hw:1 ikawa hw:2 huku programu zote zimefungwa, kadi ya zamani haijaachiliwa, na kosa liko kwenye njia ya kufunga uliyoisafisha. Kama CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK imewashwa, maliza hivi:

```
echo scan | sudo tee /sys/kernel/debug/kmemleak
sudo cat /sys/kernel/debug/kmemleak
```

Kutuma

Tengeneza viraka kwa `git format-patch`, vipitishe tena kwenye checkpatch, na uendeshe `scripts/get_maintainer.pl` ikuambie wa kutumiwa. Maelezo huandikwa kwa Kiingereza, na mstari wa Signed-off-by ubebe jina unalojulikana nalo, si la kujificha. Katika maelezo taja kadi ulizopima kwa namba zake za lsusb, kasi ulizozipima, na hali za kuchomoa. Kiraka kisichopimwa kwenye kifaa kisemwe hivyo waziwazi. Msimamizi atajua amwombe nani mwenye kifaa hicho akipime. Ukipata hitilafu katikati ya usafi, irekebishe kwa kiraka chake na ukiweke mbele ya vile vya usafi, ili kiweze kurudishwa kwenye keneli za zamani bila kubeba mabadiliko mengine nyuma yake.